Laiki 200 Hazinunui Cherehani: Jinsi Marafiki Wanavyoweza Kukusaidia Kufikia Ndoto Yako

Leo siongelei picha nzuri za bidhaa, wala yule mteja anayeuliza "bei gani?" halafu anapotea. Hayo tumeshayaongea sana. Leo nataka tuongelee ile ndoto uliyonayo tangu mdogo. Ile ambayo ukiwa unauza kava za simu au mitumba unajisemea, "Hii ni ya kunisogeza tu, iko siku nitafanya kile ninachokipenda."

Na nataka tuongelee marafiki. Maana wengi wetu tunao marafiki, tunazo ndoto, na bado ndoto ziko palepale zilipokuwa miaka mitano iliyopita. Kwa nini? Mimi nimejifunza jibu kwa kuumia kidogo, na kuna rafiki aliyenyeshewa kwa ajili yangu. Nitawaeleza. Soma taratibu, na ukiwa na kalamu karibu ni vizuri zaidi, kuna hesabu humu.

NDOTO YANGU ILIKUWA CHEREHANI

Bibi yangu alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Nikiwa darasa la tano nilikuwa namshikia kitambaa, yeye anazungusha. Siku moja akaniachia nishone mwenyewe, nikamshonea mdogo wangu sketi ya mabaki ya kitenge. Ilikuwa imepinda upande mmoja, lakini mtoto aliivaa mpaka ikachanika. Tangu siku ile nilijua nataka kushona nguo za watoto. Nguo zangu, zenye jina langu, siyo za kuchagua kwenye robota.

Maisha yakaenda. Nikamaliza shule, nikajifunza kushona kwa fundi mmoja mwaka mzima, halafu nikaolewa, nikazaa, nikaanza kuuza mitumba ya watoto mtandaoni. Ilikuwa inalipa chakula na ada, namshukuru Mungu. Lakini kila nikiposti gauni la mtumba nilikuwa naligeuza ndani kuangalia lilivyoshonwa. Moyo ulikuwa huko.

Miaka mitatu iliyopita nikajipa ujasiri, nikaandika kwenye statasi yangu: "Mungu akipenda, mwaka huu naanza kushona nguo za watoto mwenyewe." Pia nikaiweka kwenye ukurasa wangu. Basi bwana, nilipata laiki zaidi ya 200! Marafiki wakamiminika. "Hongera shoga, utaweza tu." "Tunakusubiri kwa hamu." "Wewe ni mpambanaji." Mioyo myekundu, makofi, maua. Nililala nikitabasamu.

Miezi minane baadaye nilikuwa bado nauza mitumba. Hakuna hata uzi mmoja niliokuwa nimenunua.

Wala sisemi marafiki wale walikuwa wabaya. Walinipenda kweli. Lakini nilikuja kugundua kwamba zile hongera zilinifanyia kitu kimoja kibaya: zilinipa furaha ya kumaliza kazi kabla sijaianza. Nilishapongezwa tayari, sasa haraka ya nini?

SWALI LILILONITOA JASHO

Nina rafiki anayeuza manukato mtandaoni. Tulianza biashara karibu wakati mmoja. Siku hiyo tulikuwa tunasubiri bodaboda aje kuchukua mizigo ya wateja, akaniuliza, "Shoga, zile nguo za kushona ziko wapi?"

Nikaanza: ooh mtaji, ooh muda, ooh watoto. Akaninyamazia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sawa. Unahitaji nini hasa? Niambie kwa idadi."

Sikuwa na jibu. Yaani ndoto nimeibeba tangu darasa la tano, na sijui inahitaji shilingi ngapi! Nilisema "mtaji" kama mtu anavyosema "Ulaya", mahali pa mbali pasipo na nauli inayojulikana.

Akachukua daftari langu la oda, akageuza nyuma, tukaandika. Nawawekea hapa kama lilivyokuwa, ujue ndoto ikiandikwa inafananaje:

- Cherehani ya mtumba, iliyokaguliwa na fundi: 280,000
- Vitenge, vipande 5 vya yadi sita, kila kimoja 18,000: 90,000
- Bitana, uzi na vifungo, 2,000 kwa kila gauni, magauni 20: 40,000
- Mifuko ya kufungia, 500 kwa kila gauni: 10,000

Jumla: 420,000.

Kipande cha yadi sita nilikuwa napata magauni manne ya mtoto wa miaka minne mpaka sita, kwa hiyo vipande vitano ni magauni 20. Kila gauni linakula kitambaa cha 4,500, vifaa 2,000, mfuko 500, na nikajilipa 4,000 ya ushonaji. Hapo wengi tunakosea, tunajisahau wenyewe. Jumla 11,000. Kuuza 18,000. Faida 7,000.

Nililitazama lile karatasi nikakaa kimya. Ndoto ya miaka zaidi ya 20 ilikuwa inahitaji laki nne na ishirini na kama siku kumi za kushona. Basi!

Rafiki yangu akasema, "Siku kumi nakupa mimi. Jioni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, mimi nitajibu wateja wako wa mitumba na kukuandikia oda. Wewe shona. Hela sina, nisikudanganye."

Hicho ndicho ninachokiita kutiwa moyo. Hakuniambia nitaweza. Alinipa jioni kumi za maisha yake, na akaniambia wazi asichonacho.

RAFIKI ALIYENIPA ZAMU YAKE

Sasa hela. Nilikuwa kwenye mchezo wa kina mama kumi. Kwa msiyeujua, mchezo au upatu uko hivi: kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na zote anachukua mtu mmoja kwa zamu. Sisi tulikuwa tunatoa 50,000, kwa hiyo anayepokea anapata 500,000. Ulianza Januari. Mimi nilikuwa namba tisa, yaani Septemba. Na nilikuwa nataka kushona nguo za Idi, ambayo mwaka ule iliangukia Aprili.

Namba tatu, zamu ya Machi, alikuwa mama mmoja mwenye genge la mboga mtaani kwetu. Ni mkubwa kwangu, namwamkia shikamoo. Nikaenda gengeni jioni na lile daftari. Nikamwonesha hesabu mstari kwa mstari. Nikamwambia, "Mama, naomba tubadilishane zamu. Wewe uchukue yangu ya Septemba. Ukikataa sitakasirika, na nitaendelea kununua nyanya hapahapa."

Akacheka. Kisha akakaa kimya muda mrefu akipanga bamia kwenye mafungu. Hela yake ilikuwa ya mabati, kwa sababu paa la jiko lake lilikuwa limetoboka na masika yanakuja.

Akaniuliza swali moja tu: "Ukishapokea, Aprili mpaka Oktoba utatoa hamsini yako kila mwezi hata nguo zisipouzika?"

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi mchezo. Anayepokea mapema anakuwa amekopeshwa na wenzake bila riba. Mimi nikipokea Machi, nilikuwa nabaki nadaiwa miezi saba, 350,000. Nikamwambia ndiyo, mitumba yangu inaweza kubeba hamsini kwa mwezi hata kama gauni moja halitatoka. Nikamwonesha mauzo ya miezi mitatu nyuma.

Akasema, "Haya mwanangu, chukua."

Masika ile mvua ilinyesha kweli. Nilipita kwake asubuhi moja nikakuta ameweka sufuria mbili chini ya paa, maji yanadondoka kwenye moja, tii, tii, tii. Hakuniambia neno. Alinikaribisha chai. Nilikunywa ile chai kwa shida, nawaambia ukweli.

Ndiyo maana nasema moyo wa kweli una gharama kwa anayeutoa. Na kwa sababu una gharama, wewe unayepokea huwezi kulala.

MAGAUNI SABA YALIYORUDI

Nilishona magauni 20. Yote yakauzika siku nne kabla ya Idi. Kha! Nilijiona nimefika.

Siku ya mkesha simu zikaanza. "Dada, kichwa hakipiti." "Mwanangu analia, gauni limekwama." Saba kati ya 20.

Kosa langu ni hili. Ili kubana gharama sikuweka zipu, niliweka mpasuo mfupi mgongoni na kifungo kimoja. Na nilipima kifua, mabega na urefu, ila kichwa sikupima. Mtoto wa miaka minne au mitano mzunguko wa kichwa chake ni kama sentimita 50 hivi, na shingo niliyokata pamoja na ule mpasuo haikufika hapo. Mtoto ana kichwa kikubwa kuliko shingo, hata bibi yangu alikuwa ananiambia, nikasahau.

Mmoja wa wateja wale alikuwa rafiki yangu mwalimu wa sekondari. Yeye alikuwa amenunua kwa bei kamili. Nilitaka kumpunguzia, akakataa, akasema, "Nikikupunguzia faida nitakuwa nakusaidia nini?" Wengine walipiga kwa hasira, yeye alikuja nyumbani na gauni mkononi. Akaliweka mezani.

"Kitambaa kizuri. Mshono umenyooka. Ila shingo hii ni ya chupa, siyo ya mtoto. Na bitana inakwaruza kwapani, mwanangu amewashwa."

Niliona aibu. Nikasema, "Labda ushonaji siyo wangu. Nirudi kwenye mitumba yangu."

Akanijibu, "Nimekuambia shingo ni mbaya. Sijakuambia uache." Halafu akanisimulia kisa ambacho huwa anawasimulia wanafunzi wake wakichoka kurudia insha. Ni kisa cha kweli, na kwa kuwa kilinisaidia nawapa na nyinyi.

KISA CHA BAHASHA KWENYE MTI

Kulikuwa na dada mmoja Marekani, anaitwa Harper Lee, aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, jimbo la Alabama. Ndoto yake ilikuwa kuandika vitabu. Mwaka 1949 akahamia New York. Lakini kodi ya nyumba haisubiri ndoto, kwa hiyo akafanya kazi mashirika ya ndege, kuwaandikia abiria nafasi za safari. Anaandika usiku, anaandika siku za mapumziko. Miaka inakwenda, kitabu hakuna. Si unaona anavyofanana na sisi?

Alikuwa na marafiki, mume na mke, Michael na Joy Brown. Yule mume alikuwa mtunzi wa nyimbo, na walikuwa na watoto wadogo wa kulea. Hawakuwa matajiri wakubwa, ila mwaka 1956 kipato kilikuwa kimekaa vizuri. Krismasi ya mwaka huo Harper Lee alikuwa nyumbani kwao. Wakamwonesha bahasha iliyowekwa kwenye mti wa Krismasi. Ndani yake kulikuwa na ujumbe kwamba anapewa mwaka mmoja wa kuacha kazi na kuandika chochote anachotaka. Wao watamlipia maisha yake kwa mwaka huo.

Mwenyewe alisimulia baadaye kwenye jarida moja, mwaka 1961, kwamba alishtuka na kuona marafiki zake wanajiweka hatarini kwa ajili yake. Wao hawakuona hivyo. Walimwamini.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu huwa hawaisimulii. Alipopeleka kazi yake kwa wachapishaji mwaka 1957, haikuwa tayari. Mhariri wake, mama mmoja anayeitwa Tay Hohoff, aliona kipaji kipo ila kitabu bado hakijakaa sawa. Akamrudisha kwenye meza. Harper Lee akaandika upya, akabadilisha, akaandika tena, zaidi ya miaka miwili. Kitabu chake, To Kill a Mockingbird, kilitoka mwaka 1960. Mwaka 1961 kikapata tuzo ya Pulitzer, na mpaka leo kimeuzwa mamilioni kwa mamilioni ya nakala.

Mwalimu akamaliza: "Kina Brown walimpa muda. Mhariri akampa ukweli. Angepata kimoja bila kingine, kitabu kile tusingekisoma. Wewe muda na hela umeshapewa. Mimi nakupa ukweli. Fungua mgongo, weka zipu."

Nikarudisha magauni yote saba. Bodaboda kwenda na kurudi 6,000 kila moja, 42,000. Zipu saba za 300, jumla 2,100. Kati ya ile 500,000 nilikuwa nimebakiza 80,000 kwa dharura, ndiyo iliyoniokoa. Wateja sita kati ya saba wananunua kwangu mpaka leo. Faida iliyotakiwa kuwa 140,000 ikashuka mpaka 95,900. Lakini nilikuwa nimelipwa pia 80,000 yangu ya ushonaji, na hamsini ya Aprili nikaipeleka kwenye mchezo siku mbili kabla.

AINA TATU ZA KUTIWA MOYO

Nikikaa nikitafakari, naona marafiki wanatutia moyo kwa njia tatu.

1. Moyo wa mdomo. Hongera, laiki, "utaweza tu". Usiudharau. Siku mbaya neno zuri linakuinua. Ila ujue kazi yake: unakuamsha, haukubebi. Ukiwa na huu peke yake utabaki mahali ulipo huku unatabasamu.

2. Moyo wa mkono. Rafiki anatoa kitu chake: muda, hela, zamu, chumba cha kuwekea mzigo, kukulelea mtoto saa mbili, kukuunganisha na fundi wake. Wahenga walishasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

3. Moyo wa ukweli. Rafiki anakuambia shingo ni mbaya wakati wengine wanasema "imependeza shoga". Huu unauma, na wengi tunaukimbia, tunauita wivu. Kuna namna ya kutofautisha. Mwenye wivu anakuambia "haitafaa" anaishia hapo. Anayekupenda anakuambia ni wapi hapafai, na ukitengeneza anarudi kuangalia.

Ukitaka ndoto itoke kichwani ije mezani, hakikisha una angalau mtu mmoja wa aina ya pili na mmoja wa aina ya tatu. Hawahitaji kuwa wengi. Mimi walikuwa watatu.

JINSI YA KUOMBA BILA KUHARIBU URAFIKI

Wengi mtasema, "Mimi sina marafiki kama hao." Huenda unao, ila hujawahi kuwaomba kitu kinachoeleweka. "Nisapoti jamani" siyo ombi. Mtu hajui aanzie wapi, kwa hiyo anabonyeza laiki anaendelea na maisha yake. Fanya hivi:

Kwanza, andika ndoto yako kwa idadi. Vifaa gani, bei gani, siku ngapi. Usipojua bei, nenda kaulize sokoni kabla ya kumwendea mtu. Rafiki akiona umeshatembea jua kali kuuliza bei, anajua hutanii.

Pili, gawa vipande vidogo, na kila kipande mpelekee anayekiweza. Usimwombe mwenye genge muda, hana. Usimwombe muuza manukato hela iliyoko kwenye mzigo. Mimi sikumwomba yeyote "anisaidie kutimiza ndoto". Niliomba jioni kumi. Niliomba kubadilishana zamu.

Tatu, omba ana kwa ana, faraghani, na umpe njia ya kukataa. Ukimwomba mtu kwenye kundi la watu 60 unamtia aibu. Mwambie kabisa kwamba akikataa urafiki uko palepale, na akikataa kweli, usinune.

Nne, mwambie hasara inaweza kufika wapi. Yule mama aliniuliza nguo zisipouzika nitafanyaje. Kama ungekuwa wewe, ungejibu nini? Kama huna jibu, usichukue hela ya rafiki bado. Anza na muda wake tu.

Tano, andikeni. Hata kwenye daftari la oda: tarehe, kiasi, lini inarudi, sahihi mbili. Kuandikiana hakumaanishi hamuaminiani. Kunawalinda msije mkagombana miezi sita baadaye kwa kusahau.

Sita, peleka taarifa bila kuulizwa. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa namwambia mama wa genge nimeshona mangapi, nimeuza mangapi, hamsini nimeshaitoa. Asijisikie vibaya kuuliza, na mimi nisipate nafasi ya kulegea.

MARAFIKI WAKIWA KIKUNDI

Nguvu hii ya marafiki imejengewa mifumo kabisa, siyo mchezo tu. Kuna vikoba, mnaweka hisa kila wiki au kila mwezi, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko mnagawana. Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima. Wenzetu wa Kenya wana vyama vyao, kazi ileile.

Na kwa tulio Tanzania, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa wanawake na vijana mikopo hii hupitia kwenye vikundi. Ukienda peke yako na ndoto yako nzuri utaambiwa nenda kalete wenzako. Kamuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako utaratibu ukoje kwa sasa.

Ni afadhali mara mia uzunguke kwa marafiki kuliko kukimbilia mikopo ya kausha damu. Ile haikuulizi shingo ya gauni ikoje. Inakuja kuchukua cherehani.

MAKOSA NILIYOYAONA KWA WENGI, NA KWANGU PIA

Kumpa kila rafiki bei ya urafiki. Nilipoanza, marafiki wengine walisema "nitunzie moja, nitakupa mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi gani, mpaka leo sijui. Mtaji wa magauni 20 ukikopesha matano umeshakufa. Siku hizi nasema kwa upole, "Shoga, huu ni mtaji wa zamu ya mtu, siwezi kuugusa." Wameelewa.

Kuwaacha waliokubeba. Ukishapata wateja usianze kuwaona wale wa mwanzo kama wadeni wa jana. Wafahamishe ulipofika, wasisikie kwa watu.

Kupokea tu bila kutoa. Muuza manukato alipotaka kuanza kutengeneza udi wake mwenyewe, nilimlipa zile jioni kumi. Nikamjibia wateja, tena nikamwambia ukweli kwamba udi wake wa kwanza ulikuwa na moshi mwingi kuliko harufu. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja na mwingine, mzuri kweli.

Leo kama unataka kumtia moyo muuzaji mwenzako, acha laiki kidogo pembeni. Nunua kwa bei kamili. Mtumie mteja mmoja. Mwambie picha yake ina giza, halafu mshikie taa apige nyingine. Kitu kimoja kama hicho kinazidi "hongera" hamsini.

NILIPOFIKIA

Sijawa tajiri, msije mkadhani. Nina cherehani mbili sasa, na binti mmoja ninayemfundisha, anayenishikia kitambaa kama nilivyokuwa namshikia bibi. Mitumba bado nauza kidogo, ndiyo inayolipa bando na umeme. Kila gauni linalotoka kwangu lina zipu, na kabla sijakata shingo naandika kipimo cha kichwa juu kabisa ya karatasi.

Septemba ile mama wa genge alipokea zamu yangu. Nilikwenda naye mwenyewe kununua mabati, nikasaidia kuyashusha kwenye guta. Mvua za vuli zilipokuja nilipita kwake asubuhi. Zile sufuria mbili zilikuwa jikoni, moja ina maharage, nyingine wali. Nikanywa chai, na safari hii ilishuka vizuri.

Kwa hiyo kabla hujaendelea na mambo mengine, fanya jambo moja leo. Chukua daftari, andika ndoto yako kwa shilingi na kwa siku. Kisha andika majina matatu: nani anaweza kukupa muda, nani anaweza kukusaidia mtaji, nani atakuambia ukweli. Kesho mfuate mmoja, ana kwa ana.

Na wewe je, kuna rafiki aliyewahi kukupa zamu yake? Tuelezee, tujifunze wote. Kama hujawahi kumshukuru, leo ni siku nzuri ya kumpigia simu.